Jinsi ya Kuuza Nyumba Yenye Kiyoyozi Kinachokohoa

Umeamua kuuza nyumba yako Dar es Salaam, na kiyoyozi cha chumba kikubwa kimechagua mwezi huohuo kugoma. Kaskazi inavuma, joto la mchana linacheza kwenye nyuzi 32, shati linagandana na mgongo, na dalali amekwisha piga simu kwamba anamleta mteja saa saba. Kabla hujakimbilia Kariakoo kununua kipya, keti kwanza. Mwongozo huu una shabaha mbili: usitupe pesa, na usimdanganye mtu.

Anza kwa kuacha yasiyosaidia. Usikipige kofi. Usishushe rimoti hadi 16 ukitaraji kitashtuka, kwa sababu kiyoyozi kilichoshindwa kufika 24 hakitafika 16. Kitaendelea tu kula uniti za LUKU. Usifiche feni nyuma ya pazia ili mteja ahisi upepo. Na tafadhali sana, usiseme “jana tu kilikuwa kizima” huku ukutani kuna michirizi ya kahawia ya maji yaliyodondoka tangu mwaka juzi, na chini yake ndoo ya kukingia. Mteja ana macho.

Sasa mwite fundi, lakini uwe na swali lako tayari, maana hapa ndipo wauzaji wengi wanapoachia fedha. Fundi atafungua kifuniko, ataweka kiganja mbele ya hewa inayotoka, atatikisa kichwa. “Bosi, gesi imeisha. Tujaze, kitapiga baridi sasa hivi.” Muulize kwa upole: “Imekwenda wapi, fundi?” Gesi ya kiyoyozi haichomwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kila upande, inabeba joto la chumbani na kulitoa nje, kisha inarudi. Mashine nzima inaweza kukaa miaka mingi bila kuongezwa hata kidogo. Kwa hiyo gesi ikiwa imepungua, kuna mahali inavuja. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu amekuuzia baridi ya wiki chache tu, na baridi hiyo itamwishia mnunuzi mikononi akiwa na namba yako ya simu.

Fundi mzuri anapima. Anaangalia umeme unaoingia, presha ya gesi, na tofauti ya joto kati ya hewa inayoingia kwenye mashine ya ndani na ile inayotoka. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni dalili njema. Ikiwa ni nyuzi 2 au 3, kuna ugonjwa, na ugonjwa una jina. Mwombe alitaje na aliandike kwenye karatasi pamoja na gharama. Karatasi hiyo utaihitaji baadaye.

Usikubali kuambiwa kimekufa kabla ya vipimo, kwa sababu mengi yanayoitwa kifo ni maradhi madogo. Chujio likijaa vumbi hewa haipiti, na barafu huganda kwenye mabomba ya ndani mpaka chumba kinakuwa cha moto huku mashine imevaa theluji. Bomba la kutolea maji likiziba kwa utelezi, maji hurudi ukutani. Kapasita ikichoka, kompresa au feni ya nje inaunguruma bila kuzunguka. Umeme wetu unaopanda na kushuka unachangia sana hapo. Haya yote fundi anayejua kazi huyamaliza kwa siku moja, kwa gharama ndogo mno mbele ya bei ya mashine mpya. Yatengeneze. Hapa sina shaka hata kidogo: kiyoyozi chenye maradhi madogo kitengenezwe kabla mteja hajakanyaga kizingiti, na risiti itunzwe.

Maradhi makubwa ni mengine, na pwani inayo maradhi yake yenyewe: chumvi. Kama nyumba iko Msasani, Mbezi Beach au Kigamboni, au uko Nyali kule Mombasa, zunguka nyuma ya mashine ya nje. Utaona vibati vyembamba vya alumini vimepangwa kuzunguka mabomba ya shaba. Viguse kwa ncha ya kidole. Vikivunjika na kukuachia unga mweupe mkononi, hewa ya bahari imeshavila, joto halitoki tena sawasawa, na kompresa inafanya kazi mara mbili kwa baridi nusu. Kompresa yenyewe ikiungua kwenye mashine iliyoliwa hivyo, usiibadilishe. Utalipa sehemu kubwa ya bei ya kiyoyozi kizima ili upate moyo mpya ndani ya mwili uliooza.

Ukiwa hapohapo nyuma, soma kibandiko. Kimeandikwa aina ya gesi na uzito wake. Ikiwa ni R-22, mashine hiyo imekwisha hukumiwa. Gesi hiyo inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 nchi zinazoendelea zinatakiwa kuiacha karibu yote ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo hadi 2040. R-410A haiwezi kuingizwa humo badala yake, maana presha yake ni kubwa zaidi na mashine haikuundwa kuibeba. Hata R-410A na R-32 za leo zimo kwenye mpango wa kupunguzwa uliokubaliwa Kigali mwaka 2016, kwa sababu zinapasha joto dunia. Kwa hiyo mashine ikiondolewa, fundi aivute gesi kwenye mtungi. Akitaka kulegeza nati na kuiachia ifoke hewani, mzuie.

Tumefika kwenye uamuzi wenyewe. Kiyoyozi kimoja kimekufa kweli, nyumba ina vyumba vingine vyenye viyoyozi vizima. Je, ununue kipya? Kwa maoni yangu, usinunue. Muuzaji anayetaka kuondoka hununua cha bei ya chini kuliko vyote dukani, na mnunuzi atakilipia ndani ya bei ya nyumba ingawa asingekichagua. Mpunguzie kiasi kilichoandikwa kwenye ile karatasi ya fundi, anunue anachokipenda. Na ile karatasi ndiyo ngao yako kwenye mapatano: asiye na karatasi huombwa punguzo la milioni kumi kwa kifaa ambacho bei yake haifiki hata nusu ya kiasi hicho.

Nunua kipya pale tu ambapo bila baridi chumba hakikaliki. Nazungumzia zile fleti za Upanga na Kariakoo ambazo dirisha linatazama ukuta wa jirani, au nyumba unayoiuza pamoja na samani zake, au yenye mpangaji ndani ambaye kodi yake inajumuisha kiyoyozi. Hapo nunua kwa kipimo. Chumba cha kulala cha kawaida hutosheka na BTU 9,000 au 12,000. Ukifunga ya 24,000 ili kumvutia mteja, itapoza haraka na kujizima kabla haijakausha unyevu, na chumba kitabaki na ubaridi wa majimaji. Mpe mnunuzi risiti ya EFD na kadi ya waranti kwa jina la bidhaa ileile iliyoko ukutani.

Wako wanaosubiri kipupwe. Wanatangaza nyumba Julai, mteja anasifia hewa, hakuna anayeulizia rimoti. Huo ni ujanja mbovu. Desemba haijawahi kukosa kufika, na mnunuzi anayegundua umemficha ubovu wa kiyoyozi ataanza kutilia shaka paa, mfumo wa maji taka na hata hati ya nyumba. Nyumba ya milioni 250 haikwami kwa sababu ya kiyoyozi. Inakwama kwa sababu ya shaka. Mwambie mwenyewe kabla hajauliza: “Dada, hiki cha chumba kikubwa kimeungua kompresa, hii hapa karatasi ya fundi, na bei tuliyoizungumza imezingatia hilo.”

Jambo la mwisho linawagombanisha watu wazima kila mwaka. Wauzaji wengi wa mjini huhama na viyoyozi vyao, na wanunuzi wengi hudhani vimo kwenye bei. Mnunuzi anafika na funguo, anakuta matundu ukutani na nyaya zinaning’inia. Vitaje kimoja kimoja kwenye mkataba wa mauziano: kinachobaki, kinachoondoka, kizima na kibovu. Kinachoondoka, ziba tundu lake na upake rangi kabla ya kukabidhi.