Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha wa Kenya: Ushuru wa sigara uwafikie vijana

Mheshimiwa Waziri,

 

Kwanza, nakushukuru kwa dhati. Desemba 2024, sheria ya marekebisho ya kodi ilisawazisha ushuru wa sigara zote, zenye kichungi na zisizo nacho, ukawa Sh4,100 kwa kila sigara elfu moja. Wavutaji wakanyimwa mwanya wa kukimbilia sigara yenye ushuru hafifu. Hiyo ilikuwa busara.

Hata hivyo, kwa idhini yako, naomba nilete linaloniumiza moyo. Sigara yenye kichungi ilikuwa tayari ikitozwa Sh4,067, kwa hiyo iliongezewa senti tatu tu kwa kila moja. Tena, Sheria ya Fedha ya 2023 ilifuta utaratibu wa kurekebisha ushuru kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei. Unga ukipanda na nauli ikipanda, ushuru uliosimama pale pale kwa hakika unashuka.

Tafadhali tazama kibanda chochote kando ya steji ya matatu. Pakiti imefunguliwa, kiberiti kinaning'inia kwa uzi. Kijana ananunua moja, anaiwasha papo hapo, anadandia gari. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 hairuhusu pakiti ya chini ya sigara kumi, lakini hapa moja moja ndiyo biashara yenyewe. Mnunuzi huyu hasikii senti tatu. Shilingi tano angezisikia.

Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kwamba bei ikipanda kwa asilimia 10, uvutaji katika nchi za kipato kama chetu hupungua kwa takribani asilimia 5, na vijana hupunguza zaidi ya wazee, maana mfuko wao ni mwepesi na uraibu haujakolea.

Utaambiwa kwamba ushuru ukipanda, magendo yatafurika. Mheshimiwa, Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) ina stempu za ushuru na mfumo wa kuzifuatilia tangu 2013; mfumo huo uimarishwe.

Kwa unyenyekevu mkubwa, nakusihi katika bajeti ijayo urejeshe marekebisho ya kila mwaka, na upandishe ushuru kwa kiwango ambacho mnunuzi wa sigara moja atakisikia mfukoni. Kalamu iko mkononi mwako, nasi tuko nyuma yako.

Wako mtiifu,
Mlipa ushuru