Mpangaji Adai Ujira wa Baridi

Kwa Wizara ya Usalama wa Nishati,
London.

Wizara inaarifiwa, kwa heshima na taadhima, kwamba mpangaji mmoja wa flati mashariki mwa London, Mswahili wa Mombasa anayeishi na blanketi mabegani kuanzia Novemba hadi Machi, ameupokea wito wa kuwa mnyumbufu katika matumizi ya umeme. Ameambiwa achaji gari usiku wa manane, apashe nyumba joto kabla ya saa 10 jioni, na afue nguo upepo unapovuma. Gari hana. Nyumba si yake. Mashine ya kufulia anayo, lakini jirani wa chini ana mtoto mchanga.

Isidhaniwe kwamba hakuelewa. Kila jioni ya baridi Waingereza hurudi nyumbani kwa pamoja, huwasha majiko, taa na hita kwa pamoja, na mitambo ya gesi hukimbizwa ili kuwatosheleza. Usiku wa upepo mambo hugeuka: mapangaboi ya Scotland huzalisha umeme mwingi kuliko nyaya za kuuleta kusini zinavyoweza kubeba, na wenye mapangaboi hulipwa wayasimamishe. Kwa hiyo kuhamisha matumizi kutoka jioni kwenda usiku ni jambo la busara. Hata Kenya, ambako mvuke wa Olkaria huachiwa hewani usiku watu wakilala, umeme wa kuchaji magari umewekewa bei nafuu ya usiku tangu 2023.

Kilichomshangaza ni malipo. Alikokulia, umeme ukikatika watu huguna, huwasha mshumaa, maisha yakaendelea, na hakuna aliyewahi kutumiwa senti kwa kukaa gizani. Uingereza, katika majira ya baridi ya 2022 kuingia 2023, msimamizi wa gridi alianzisha mpango wa kuwalipa watu wapunguze matumizi kwa saa moja au zaidi. Siku ya majaribio bei ilikuwa pauni 3 kwa uniti, ambayo kampuni za umeme ziligawana na wateja kila moja kwa mtindo wake, ilhali uniti yenyewe ilinunuliwa kwa takriban peni 34. Tarehe 23 Januari 2023, kuanzia saa 11 hadi saa 12 jioni, mpango ulitumika kwa mara ya kwanza bila kuwa jaribio, mitambo ya makaa ya mawe ikiwa imepashwa moto pembeni kwa tahadhari. Hadi msimu kwisha, nyumba na biashara milioni 1.6 zilikuwa zimejiunga na kuokoa zaidi ya megawati-saa 3,300.

Mpangaji naye alijiunga. Jioni ya tarehe 23 Januari alizima taa, akaketi na koti kitandani kama abiria aliyekosa gari la mwisho. Akaambulia peni.

Kosa, alikuja kugundua, lilikuwa lake. Kinacholipiwa ni pengo kati ya matumizi ya saa hiyo na mazoea ya nyumba hiyohiyo siku za karibuni. Aliyezoea kuwasha oveni mbili, beseni la maji moto la bustanini na chaja ya gari ana mengi ya kuzima, basi akizima ni shujaa. Aliyezima tangu Novemba kwa kuogopa bili hana pengo. Unyumbufu wake ulianza mapema mno, kabla haujapewa jina wala bei. Mita janja inayopima pengo hilo imeitwa janja kwa haki kabisa.

Kwenye magari, sheria imetungwa vizuri ajabu. Tangu 30 Juni 2022, chaja mpya za nyumbani lazima zije zimepangwa kukwepa saa 2 hadi saa 5 asubuhi na saa 10 jioni hadi saa 4 usiku siku za kazi. Zimewekewa hata uwezo wa kuchelewa kwa dakika za kubahatisha, kwa kawaida hadi 10, ili magari yasianze kunyonya kwa pamoja. Yote hayo yanamfaa mwenye maegesho mlangoni. Huyo hulipa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 juu ya umeme wake, na bei ya usiku chini ya nusu ya ile ya mchana. Anayeishi flati huchaji barabarani, na kodi yake ni asilimia 20. Adui wa mazingira, bila shaka.

Joto nalo lina historia. Tangu 1978 Waingereza wameuziwa umeme nafuu wa saa saba za usiku, unaopasha matofali ndani ya hita ili yatoe joto mchana. Hita nyingi za aina hiyo ziliwashwa kwa miaka mingi na ishara iliyofichwa katika mawimbi marefu ya Radio 4 ya BBC. Huduma hiyo ilipangwa ifungwe 30 Juni 2025, na siku ilipofika malaki ya nyumba yalikuwa bado yanaitegemea. Flati ya mpangaji ina hita ya matofali. Hupata moto saa 9 usiku, yeye akiwa usingizini, na ifikapo saa 1 jioni tofali limekwisha sahau. Pampu ya joto ingemfaa, na serikali hutoa pauni 7,500 za ruzuku. Anayestahili ruzuku ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba anaishi kwingine, penye joto.

Basi mpangaji anaiomba Wizara mambo matatu: kodi ya chaja za barabarani ishushwe ilingane na ya nyumbani; mwenye nyumba alazimishwe kuichukua ruzuku hiyo; na baridi aliyokwisha kuivumilia ihesabiwe, hata kama haina pengo.

Nakala: Hazina, kwa ajili ya zile asilimia 20.

Imeandikwa saa 12 jioni, hita ikiwa imezimwa. Malipo bado.