Nilivyochangiwa Msiba Wangu

Jumanne asubuhi niliingia Soko la Samaki Feri kunywa supu ya pweza, nikakuta watu wanachangia msiba. Si msiba wa ndugu yangu. Wangu mimi. Daftari lilikuwa juu ya meza ya dalali, kando ya beseni la vibua, ukurasa umepigwa mstari kwa kalamu nyekundu: "Marehemu", kisha jina langu kamili, kisha orodha ya waliotoa. Jumla shilingi 38,500.

Wa kwanza kuniona alikuwa mama mmoja mkaanga samaki, ambaye ananidai elfu kumi na mbili. Alishika kifua, akamtaja Mungu, halafu akanitazama miguuni kuona kama nakanyaga chini. Alipojiridhisha, alisema: "Haya. Deni nilikusamehe mbele za watu. Kama umefufuka wewe, na deni limefufuka."

Nikasogea kwenye daftari. Si wengi wanaopata kuisoma orodha ile wakiwa na pumzi. Muuza barafu, ambaye hata salamu yangu huijibu kwa shingo, alitoa elfu kumi. Vijana wa kupara samaki, elfu saba kwa pamoja. Na yule bwana niliyemkopesha laki moja na nusu mwezi wa Ramadhani alitoa mia tano. Nilimtafuta kwa macho. Nikaambiwa ameshapanda pantoni kwenda Kigamboni.

Kosa ni la kamera. Au la babu. Au la jiwe. Hebu niwaeleze.

Shangazi yangu wa Muheza aliagiza makaburi ya ukoo yapigwe picha kabla hayajatoweka. Hofu yake ina msingi: pale Kinondoni, kaburi linalopakana na la babu lilikuwa na msalaba wa chuma, leo limebaki tundu, na chuma nadhani kimeshapimwa kwa kilo. Simu yangu ina ufa kwenye lenzi, basi nikaenda Kariakoo kununua kamera ya kidijitali ya mtumba, ile ndogo ya mfukoni. Nikaiwekea saa na tarehe kwa uangalifu mkubwa. Ndilo jambo pekee nililolifanya sawasawa wiki nzima.

Babu amefunikwa kwa bamba la graniti nyeusi lililolala, limeng'arishwa hata kunguru akipita unamwona mara mbili. Saa nne asubuhi niliinama juu yake, kamera nimeishika usawa wa kifua, lenzi nimeivuta hadi mwisho, nikabonyeza. Kilichotokea hapo nilikuja kukisoma baadaye usiku kucha, na nakiri kimenipendeza karibu sawa na kilivyoniaibisha.

Kamera hizi zina programu ya kutafuta nyuso. Hailijui jicho wala pua. Inapima giza na nuru tu. Vivuli viwili chini ya paji linalong'aa, mstari wa nuru katikati, basi imeridhika kwamba huyu ni mtu, inamchorea kimraba na kumlenga yeye. Na graniti iliyong'arishwa ni kioo. Kioo nacho kina hila ambayo sikuwahi kuishuku kwa miaka yote ninayonyoa ndevu mbele yake: sura yako haikai juu ya kioo, inakaa nyuma yake, mbali kama ulivyosimama wewe mbele yake. Herufi za babu zilikuwa mita moja kutoka kwenye kamera. Uso wangu, ukihesabu kwenda na kurudi, ulikuwa kama mita mbili. Lenzi iliyovutwa namna ile haiwezi kuzikamata zote mbili. Ilibidi ichague, ikanichagua mimi.

Flashi nayo, ambayo niliiachia ijiamulie, iliwaka, ikagonga bamba, ikanirudia usoni kama taa ya studio. Nyuma yangu kulikuwa na anga ya Dar es Salaam, nayo ikaingia kwenye jiwe na mawingu yake. Picha iliyotoka ni hii: uso wangu, mkali hadi kovu la tetekuwanga, unaelea mawinguni. Juu yake, kwa herufi kubwa za dhahabu zilizofifia kidogo lakini zinasomeka, MAREHEMU na jina. Mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, uliochongwa kwa herufi ndogo, umegeuka ukungu. Na pembeni chini, kwa rangi ya machungwa, kamera imegonga tarehe ya Jumatatu. Tarehe pekee inayosomeka.

Jina la babu ndilo jina langu. Nimelirithi zima, ndiyo maana shangazi huniita "baba".

Pale makaburini, juani, kwenye kioo cha kamera sikuona kitu zaidi ya kidole changu. Kijana wa duka Kariakoo alinihamishia picha kwenye simu, akanirudishia memori kadi kwa mikono miwili. Nilidhani ni adabu. Usiku, nikiwa hoi, niliirusha kwenye kikundi cha ukoo na maneno haya: "Kazi imekwisha. Apumzike kwa amani." Nikalala. Shangazi akaamka. Binamu mmoja akaiweka kwenye statasi yake, na binamu huyo hununua samaki Feri.

Sasa, kwa faida yenu, niwape elimu niliyoipata baada ya kufa. Jiwe lililolala lipige asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini, mwanga ulilambe kwa ubavu, kila herufi ipate kivuli chake. Jiwe lililosimama ni kinyume: hapa kwetu jua la saa sita hupita karibu na utosi, hivyo huteremka kwenye uso wa jiwe kama maji ukutani, na herufi uliyodhani imefutika inaibuka yenyewe. Flashi izime, kwa sababu hupiga moja kwa moja na kujaza mitaro ya herufi, kivuli kikafa. Kama kaburi liko chini ya mwembe, beba kioo cha ukutani, simama juani, ulirushie mwanga kutoka pembeni. Usipake chaki wala unga. Jiwe laini hukwaruzika. Na kama ni graniti, mtu asimame nyuma yako ametandaza kitambaa cheusi, ili jiwe likikutazama lisione kitu.

Nilirudi Kinondoni nikamsimamisha mpwa wangu na kitambaa. Mlinzi alidhani tunafanya mazingaombwe. Siku iliyofuata, mzee mmoja alidhani tunapima viwanja. Nilipokwenda makaburi ya vita, barabara ya Ali Hassan Mwinyi, betri ilikufa langoni.

Kule kwenye makaburi ya vita nilikuwa nimefuata jina la pili kwenye orodha ya shangazi: babu yake yeye, baba wa babu yangu. Alichukuliwa upagazi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliutwaa mji huu Septemba 1916, wapagazi wao wakapigishwa kambi mahali ambapo hadi leo panaitwa Kariakoo, yaani Carrier Corps ilivyotua kwenye ndimi zetu. Walibeba risasi, unga na mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, wakafa zaidi kwa kuhara na njaa kuliko kwa bunduki. Babu wa shangazi hakurudi.

Betri ilipochajiwa niliingia. Mawe yamepangwa kama wanafunzi mstarini, nyasi zimekatwa. Mwaka 1968, barabara mpya ilipohitaji nafasi, makaburi 660 ya vita ile yalihamishwa kutoka Ocean Road yakaletwa hapa. Kwa hiyo inawezekana kumtunza maiti. Mtu akitaka, anaweza. Mpagazi wetu sikumwona. Mwaka 2021, kamisheni inayotunza makaburi hayo ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ukiona tofauti kati ya tarakimu hizo mbili, ujue hakuna aliyekuwa anahesabu. Mizigo ilihesabiwa.

Nikaenda Posta, kwenye Sanamu ya Askari, iliyosimama pale tangu 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, tena yanaahidi kwamba wana wa aliyekufa watalikumbuka jina lake. Jina lipi? Nililizunguka lile jiwe mara mbili, kamera mkononi, mwanga safi wa jioni unaingia kwa ubavu kama vitabu vinavyotaka. Majina hakuna. Mimi ambaye sijafa nilikuwa na daftari zima Feri, lenye kalamu nyekundu na mchango wa mia tano. Yeye aliyekufa kweli, katika lugha tatu, hana hata herufi ya kwanza.

Hasira hiyo haikunitoka hadi nilipofika kituoni. Daladala lilikuwa limesimama, upande wa mbele limeandikwa KARIAKOO kwa herufi kubwa nyekundu, zinasomeka vizuri bila kioo wala kitambaa. Nikazima flashi. Nikasimama pembeni. Nikapiga.

Safari hii niliikagua picha mara tatu kabla ya kuituma. Uso wangu haumo. Nikamwandikia shangazi kwamba hili ndilo jiwe pekee nililolipata.

Alikaa kimya muda mrefu, naona alikuwa anatafuta miwani. Halafu akajibu: "Baba, nimeikuza. Namwona konda. Babu yangu yuko wapi?"