Mvua ya Sebuleni

Mtu wa nchi kavu akinunua mvua hastahili lawama. Lakini sisi wa Ekerenyo, katika milima ya Nyamira ambako mawingu hujikusanya alasiri bila kualikwa na chai haijui kiu, hatuna udhuru wowote wa kutamani mvua nyingine, tena ya mafuta, tena ya kulipiwa umeme. Hata hivyo binamu yangu alirejea kutoka Marekani na taa ya kale, ya zile zilizoshamiri huko katika miaka ya 1970: kibanda cha rangi ya dhahabu, ndani yake bibi wa Kiyunani amesimama pasi na nguo, amezungukwa na mishipi ya nailoni iliyowambwa wima ili matone ya mafuta yateremke juu yake, yakimeremeta kwa nuru ya balbu.

Maradhi ya taa hiyo yalikuja kwa daraja. Kwanza, ilizoea volti 120 na umeme wetu ni 240, basi kuichomeka ukutani ingekuwa kuichinja, ikatafutiwa transfoma. Lakini transfoma hupunguza volti tu, haibadili mizunguko, ambayo kwao ni 60 kwa sekunde na kwetu 50. Hivyo pampu ikafanya kazi kwa mwendo wa karani anayengoja kustaafu.

Kisha mafuta. Fundi wetu wa redio, mtu mwenye yakini kuliko elimu, alishauri ya kupikia, ambayo aghalabu huchacha, yakanata, yakaziba vile vitundu vya juu vilivyo vyembamba kama nini. Yafaayo ni mafuta ya madini yasiyo rangi wala harufu, na hayo huku kwetu hawauziwi wenye taa bali wenye kufunga choo. Nilipoagiza chupa kadhaa kwa mpigo katika duka la dawa, mwuzaji, kijana mwenye adabu, alinitazama kwa huruma, akauliza kwa sauti ya chini, “Mzee, imeanza lini?” Nikamjibu, miaka ya 1970. Akaniongezea chupa moja bure.

Mvua ikanyesha, ila kila asubuhi meza ilikuwa imelowa na mafuta yamepungua. Tukakaza mishipi iliyolegea, maana mshipi uliolegea huyarusha matone nje. Fundi akatangaza ufa katika beseni, akauziba ufa usiokuwepo, akalipwa. Meza ikazidi kulowa.

Hatimaye siri ikafichuka kwamba Magokoro, yaani nyanya yetu, kwa kuilinda chinsoni, ile staha isiyoruhusu mkwe na mkwe kuketi mbele ya uchi, alikuwa kila usiku akimstiri yule bibi kwa kitambaa cha kochi, nacho, kwa kugusa mishipi, kikawa utambi: kikayanywa mafuta upande mmoja na kuyatapika mezani upande wa pili. Alipoulizwa, alisema tu, “Mjukuu wangu, mvike nguo, au mjengee nyumba yake.”

Kwa kuwa nguo yoyote ingekuwa utambi mwingine, tulimwendea mchongaji wa Tabaka, akatutengenezea kwa jiwe la sabuni mama mwenye gauni la heshima na mtungi kichwani, tukamsimamisha mahali pa Myunani. Magokoro akamkagua kwa makini, akaridhika na mavazi, kisha akauliza: “Huyu ni mke wa nani, hata anyeshewe hivi na nyumba ipo?”