Desibeli 35 za Nakawa

Kanuni za Uganda za kudhibiti kelele, za mwaka 2003, zina huruma: makazi ya watu yasizidi desibeli 50 mchana, na kuanzia saa nne usiku 35 tu, karibu na mnong'ono. Kwa hesabu hiyo, mbu wa kinamasi cha Nakivubo wanaotoka kuzuru mtaa wa Bugolobi, Nakawa, wajiandae kulipa faini. Baa za mtaa wa Ntinda zisihangaike. Spika zitikise mabati hadi alfajiri, kisha maombi ya jirani yapokee zamu. Mbinguni, inaelekea, hawasikii bila amplifaya. Afisa wa kudhibiti kelele naye atakuja na kipimo chake, saa nne asubuhi, wacheza muziki wamelala. Mwenye malalamiko apige simu usiku, ila apaze sauti, asisikike kama mnong'ono.