Safu ya Ushauri: Mwenye Chumba, Mgeni na Kodi ya Malazi ya Texas

Kodi ya malazi katika jimbo la Texas hutozwa kwa anayelipia mahali pa kulala kwa muda usiofika siku 30. Jimbo huchukua asilimia 6 ya bei. Jiji huongeza yake, mara nyingi asilimia 7 au zaidi, na baadhi ya kaunti nazo hudai fungu lao. Sheria haitofautishi hoteli ya ghorofa ishirini na chumba cha nyuma alichokuwa akilala mtoto kabla hajaenda chuo: tangu Septemba 2015 sheria ya kodi ya jimbo inasema waziwazi kwamba nyumba ya makazi, au sehemu yake, ikipangishwa kwa muda mfupi huhesabiwa kuwa hoteli. Anayeilipa kodi hiyo ni mgeni. Anayeikusanya na kuiwasilisha ni yule anayemiliki, kuendesha, kusimamia au kudhibiti malazi. Barua nyingi zinazofika katika safu hii zinatokana na kusahau mojawapo ya sentensi hizo mbili, na chache zinatoka kwa waliozikumbuka zote mbili na kutafuta upenyo katikati.

Msomaji anayejiita Nilidhani Wanalipa, wa Alief, kusini-magharibi mwa Houston, anaeleza kwamba amepangisha vyumba viwili vya juu kupitia Airbnb kwa muda mrefu akiwa na amani kamili, kwa kuwa kila risiti ya mgeni ilikuwa na mstari wa kodi. Sasa ameandikiwa barua ya kudaiwa kodi ya jiji. Anauliza kama ni busara kuijibu, au kuiacha juu ya friji mpaka walioiandika wasahau.

Mstari alioutegemea ulikuwa wa kodi ya jimbo. Tangu Mei 2017 Airbnb hukusanya ile asilimia 6 na kuipeleka kwa Mdhibiti wa Fedha wa jimbo. Makubaliano ya kufanya hivyo yalikuwa kati ya kampuni na jimbo. Hayakuyafunga majiji na kaunti, ambazo kila moja ina utaratibu wake. Jiji la Austin, kwa mfano, liliwaachia wenye nyumba kazi ya kukusanya fungu la jiji kwa miaka mingi, hadi Aprili 2025 lilipoyataka majukwaa yenyewe yalikusanye. Kwa hiyo hakuna jibu moja linalofaa Texas nzima. Njia ya uhakika ni kufungua mchanganuo wa malipo ya mgeni mmoja na kuusoma mstari kwa mstari. Panapotajwa jimbo peke yake, jiji halijalipwa.

Hesabu ya Houston inaonyesha ukubwa wa jambo. Mgeni aliyelala usiku 3 kwa dola 120 kila usiku, akatozwa na dola 90 za usafi, anakatwa kodi juu ya dola 450. Jimbo linapata dola 27. Jiji, kwa asilimia 7, linapata dola 31.50. Kaunti ya Harris inachukua asilimia 2, yaani dola 9, na Mamlaka ya Michezo ya Kaunti ya Harris na Houston, chombo kinachogharamia viwanja vikubwa vya michezo vya eneo hilo, inachukua asilimia 2 nyingine. Jumla ni dola 76.50, sawa na asilimia 17. Kwa mwenye kutegemea mstari wa jimbo peke yake, dola 49.50 za mgeni huyo hazikukusanywa na mtu yeyote. Mgeni ameshaondoka, hivyo zitatoka mfukoni mwa mwenye nyumba. Fungu la jiji huwasilishwa kila robo mwaka kwa shirika la Houston First, na mafungu mawili ya mwisho hupokelewa na ofisi ya kodi ya kaunti. Kuhusu friji, sheria inaliruhusu jiji kutoza adhabu ya asilimia 15 deni likipitisha robo nzima ya mwaka wa fedha bila kulipwa, na kuiomba mahakama imzuie mdaiwa kuendelea kupokea wageni. Barua ijibiwe.

Mwandishi wa barua inayofuata, Fundi wa Hesabu wa San Antonio, hakusahau kitu. Ameisoma sheria yote na kugundua kwamba kodi ya jimbo haitozwi kwa chumba cha bei iliyo chini ya dola 15 kwa siku. Tangu hapo chumba chake ni dola 14 kwa usiku, na ada ya usafi ni dola 240. Anasema wageni hawajalalamika, isipokuwa mmoja aliyetaka kujua ni uchafu gani hasa uliotarajiwa kutoka kwake.

Uvumbuzi huu una kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba ada ya kusafisha na kukitayarisha chumba ni sehemu ya bei ya chumba, kwa hiyo jimbo linamwona anayetoza dola 254, wala halioni dola 14 zilizopakwa rangi. Kinachobaki nje ya kodi ni huduma binafsi zisizohusiana na kukitayarisha chumba, kama vile kumfulia mgeni nguo zake. Ya pili ni kwamba kiwango cha dola 15 ni cha jimbo tu. Kodi ya jiji huanza pale bei inapofika dola 2 kwa siku, na ni vigumu kumpata mgeni anayeamini malazi ya chini ya hapo. San Antonio, ambako mwaka 2025 fungu la jiji lilikuwa asilimia 9 na la Kaunti ya Bexar asilimia 1.75, mgeni wa Fundi wa mwaka huo alipaswa kulipa asilimia 16.75 ya kila dola aliyotoa, za ufagio zikiwemo.

Wapo wanaouliza kama malipo ya nje ya jukwaa yana kodi. Shemeji wa Watu, wa Dallas, hupokea wageni kwa WhatsApp na malipo kwa Zelle: watu wa harusi, watu wa misiba, wafanyabiashara wanaokuja kununua magari ya mnada. Yana kodi, tena yote, na hapa hakuna jukwaa la kumsaidia kwa senti moja. Anapaswa kujisajili kwa Mdhibiti wa Fedha kwa ajili ya asilimia 6 na kwa jiji kwa ajili ya fungu lake, ambalo Dallas ni asilimia 9 tangu Januari 2023, baada ya wapiga kura kukubali nyongeza ya asilimia 2 mwezi Novemba 2022. Ripoti ya jimbo hutolewa kila mwezi, kabla tarehe 20 ya mwezi unaofuata haijapita. Mwenye kukusanya kiasi kidogo, chini ya dola 500 kwa mwezi au 1,500 kwa robo mwaka, huripoti mara moja kwa robo. Anayewahi huruhusiwa kubakiza asilimia 1 ya kodi kama ahsante. Anayechelewa hutozwa dola 50 kwa ripoti, na juu yake asilimia 5 ya kodi, ambayo hugeuka asilimia 10 siku 30 zikipita. Ndugu aliyelala bure hana kodi, kwa kuwa kodi hufuata malipo. Ndugu aliyetoa pesa kwa makubaliano ya usiku kadhaa ni mgeni wa kulipia, hata kama alizitia katika bahasha na kuziita za umeme.

Suala la siku 30 limeleta barua mbili zinazofanana kwa nje tu. Ya kwanza ni ya nesi wa mkataba wa wiki 13 katika hospitali mojawapo ya Houston, ambaye mwenye nyumba anamtoza kodi ya malazi kila wiki. Mtu mwenye haki ya kutumia chumba kwa siku 30 au zaidi mfululizo huhesabiwa mkazi, wala hatozwi kodi hiyo, lakini tarehe ya kuanza msamaha hutegemea maandishi. Akimwarifu mwenye nyumba kwa maandishi, kabla ya kuingia, kwamba atakaa siku 30 au zaidi, anasamehewa tangu usiku wa kwanza. Asipotoa taarifa, hulipa kwa siku 30 za mwanzo, kisha kodi inakoma. Mkataba wa wiki 13 uliosainiwa kabla ya begi kufika mlangoni unamaliza ubishi huo. Barua ya pili ni ya mwenye nyumba ambaye mpangaji wake alisema anakuja kwa wiki moja na sasa yuko mwezi wa tatu, akilipa leo na kuruka kesho. Malipo yakikatika, mfululizo nao hukatika, na hesabu huanza upya. Jinsi ya kumwondoa si suala la kodi, na safu hii inamtakia subira.

Katibu wa Kwaya, wa Fort Worth, anadai kwamba kanisa halilipi kodi na kwa hiyo waimbaji kumi na wawili waliolala Houston wamekatwa kimakosa. Ana haki nusu. Taasisi za dini na za hisani zilizotambuliwa na Mdhibiti husamehewa kodi ya jimbo watu wao wanaposafiri kwa kazi ya taasisi, ili mradi mwenye malazi apewe cheti cha msamaha kilichojazwa. Kodi ya jiji na kaunti hazisamehewi. Kwa Houston maana yake ni kwamba kwaya inaondolewa asilimia 6 na kulipa 11. Waliosamehewa ngazi zote ni wachache, wakiwemo watumishi wa serikali kuu ya Marekani walio kazini na wanadiplomasia wenye kadi ya msamaha ya Wizara ya Mambo ya Nje. Mwenye nyumba anayeamini neno tupu, bila cheti, ndiye atakayeulizwa wakaguzi wakifika. Mwimbaji aliyebaki siku mbili zaidi kutembea ufukweni Galveston hakuwa kazini.

Kombe la Dunia la 2026, ambalo Houston ilipangiwa mechi 7 na Arlington mechi 9, lilimpa msomaji mmoja wa Arlington wazo la kuhamia kwa binamu yake wiki mbili na kuwapangisha mashabiki nyumba anayoishi. Alisikia kwamba siku 14 hazina kodi. Alichosikia ni kanuni ya kodi ya mapato ya serikali kuu: nyumba anayoishi mwenyewe, ikipangishwa chini ya siku 15 kwa mwaka, pesa yake haihesabiwi katika mapato ya mwenye nyumba. Kodi ya malazi ni kitu kingine, haina siku za bure, na huanza usiku wa kwanza. Binamu, kwa upande wake, akidai fidia ya kulisha familia nzima wiki mbili, ana hoja, ingawa iko nje ya sheria ya kodi.

Mpangaji aliyechukua nyumba ya mtu mjini Katy na kuigeuza ya wageni anauliza kama deni ni la mwenye nyumba. Ni lake, kwa kuwa yeye ndiye anayeiendesha. Anauliza pia kama jiji la Houston linamhusu, maana barua zake huandikwa Houston. Anwani ya posta si mpaka wa jiji. Sehemu kubwa ya maeneo ya pembeni yenye anwani ya Houston yako nje ya mipaka yake, na ramani ya jiji ndiyo inayoamua ni mafungu gani yanadaiwa.

Barua ya mwisho ni ya Mnunuzi Mwenye Furaha, wa San Antonio, anayekaribia kununua nyumba ikiwa na vitanda, mashuka na wageni walioshaweka nafasi za miezi minne. Furaha yake inahitaji karatasi moja zaidi. Anayenunua malazi anapaswa kubakiza katika bei kiasi kinachotosha kulipa kodi ya jiji anayodaiwa muuzaji, mpaka aonyeshwe risiti ya malipo au cheti cha jiji kwamba hakuna deni. Asipobakiza, deni la muuzaji humwangukia yeye, hadi kiasi cha bei aliyonunulia. Cheti huombwa jijini kabla ya kusaini.