Mrithi: Hana

Karani wa ghala la wanyama alikuwa Tembo, na Tembo haandiki kitu bila kukifungua na kukifunga. "Gunia linaanza. Mwenye gunia anaanza: Ngiri. Mwenye gunia ameisha. Gunia limeisha." Magunia kumi yalijaza daftari zima. Lilisomeka, hilo tusimnyime, ila usingizi ulikuwa ukimkamata msomaji kwenye gunia la tatu.

Sungura akaja na daftari lake jipya. Humo hakuna kufungua wala kufunga. Ukitaka ijulikane debe hili ni la nani, unausogeza mstari ndani kidogo, basi.

"Hata kifaranga anasoma!" wakashangilia, na Tembo akastaafishwa kabla ya jua kuzama.

Lakini waliogawa nafaka hawakuwa vifaranga, walikuwa Siafu. Siafu hawajui kukisia. Wanachoambiwa na mstari ndicho wanachofanya.

Mzee Jogoo alikuwa na binti mmoja, jina lake Hana. Alipougua, akamwita Sungura aandike:

Jogoo
  mtama: madebe 3
  mrithi: Hana

Mzee akasoma, akaridhika, akafa. Usiku Siafu wakasoma mstari uleule: mrithi hana. Mali isiyo na mrithi ni ya baraza, na mwenyekiti wa baraza ni Fisi. Asubuhi Hana alipofika na kapu lake, alikuta pumba na nyayo.

Kobe akashauri jina liwekwe ndani ya alama za kunukuu, Siafu wajue kuwa ni jina.

"Madoa hayo yatachafua daftari langu," akasema Sungura.

Baraza likakaa, Fisi akichokonoa meno. Uamuzi ukatoka: daftari libaki lilivyo, Hana abadili jina.

Msiwacheke wanyama. YAML, mtindo wa kuandika data unaosifiwa kwa kusomeka, katika toleo lake la 1.1 la mwaka 2005 huichukua NO, kifupisho cha Norwei, kuwa ni "hapana". Na mwaka 2020, kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ilitangaza kwamba MARCH1 sasa inaitwa MARCHF1, kwa kuwa Excel ilikuwa ikiigeuza kuwa tarehe mosi Machi. Excel haikubadilishwa jina.